Rweya Ilikuwa ya Nani?

Katika usharika mmoja wa upande wa Muleba, niliouhudumia kabla ya kuhamia mjini, kulikuwa na bibi mjane ambaye kila Sikukuu ya Mavuno alileta kitu kilekile: kikapu kidogo cha njugu mawe. Wengine walileta mikungu ya ndizi, maharage, kahawa, kuku waliofungwa miguu. Mnada baada ya ibada uliwachangamsha watu kuliko mahubiri yangu, nami sikuona vibaya. Njugu za bibi hazikupata bei kubwa, lakini zilikuwa na wateja wake, hasa wazee, ambao walilalamika kwamba siku hizi hazionekani.

Mwaka wangu wa nne pale alikuja bila kikapu. Aliweka mbele ya madhabahu noti iliyokunjwa mara nne, akarudi kuketi. Tulipokuwa tukiagana mlangoni nikamtania, "Bibi, mwaka huu njugu zetu umezila peke yako?" Akanijibu kwa upole, kama mtu anayetoa habari tu: "Mchungaji, tangu mlipopanda miti sina pa kulima."

Nilikwenda nyumbani na neno hilo moja, "mlipopanda". Hakusema "walipopanda". Alikuwa sahihi. Miaka miwili kabla ya siku hiyo, baraza la wazee wa usharika lilikubaliana kwamba tuombe sehemu ya rweya ya kijiji, tupande misonobari na mikaratusi. Paa la kanisa lilikuwa linavuja, posho za wainjilisti zilikuwa zinachelewa, na kila mwenye akili aliona kwamba miti ni benki isiyohitaji karani. Tulifuata taratibu zote. Tuliandika barua, halmashauri ya kijiji ikakaa, mkutano mkuu ukaitishwa, muhtasari ukaandikwa na kupigwa muhuri. Hakuna aliyepinga. Bibi yule huenda alikuwepo mkutanoni, na kama alikuwepo alinyamaza. Barua ya maombi ina sahihi yangu.

Swali ninaloliandika hapa lilianzia mlangoni pale. Je, jambo lililofanywa kihalali, mchana kweupe, kwa nia njema na kwa faida ya kanisa, laweza kuwa dhambi? Na kama ni dhambi, kilichoibwa ni nini, maana hakuna mtu yeyote aliyekuwa na hati ya ile rweya?

Kwa vijana waliozaliwa Bilele, Kashai au Hamugembe, ambao kijiji wanakijua kwa misiba na Krismasi, inabidi nieleze kidogo. Nchi ya Wahaya ilikuwa na ardhi za namna mbili zilizoishi kama mume na mke. Kwanza ni kibanja: nyumba, migomba kuizunguka, mibuni chini ya migomba, maharage na magimbi katikati, na makaburi ya wazee. Kibanja ni cha ukoo, kina mipaka, kina jina la mtu. Pili ni rweya, zile nyanda za nyasi zilizo wazi juu ya vilima kati ya kijiji na kijiji. Udongo wake ni hafifu, wenye mawe, na mgeni akiutazama husema ni pori. Lakini kibanja kilikula kutoka rweya. Ng'ombe walichunga kule na kulala nyumbani, na samadi yao ikaingia kwenye migomba. Nyasi za rweya zilitandikwa shambani kuhifadhi unyevu, zikatandikwa sakafuni, zikaezeka nyumba ya msonge. Rutuba ya vibanja vyetu, ambayo wageni waliistaajabia, haikuwa zawadi ya udongo. Ilibebwa kichwani na kutoka zizini, kizazi baada ya kizazi. Tauni ya ng'ombe ilipopita Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kufyeka mifugo, pigo lilifika mpaka kwenye mikungu ya ndizi.

Tena rweya ilikuwa na kazi nyingine, ndogo machoni pa wanaume. Wanawake walikwenda huko na majembe, wakafungua kipande, tunachokiita omusiri, wakapanda njugu mawe msimu mmoja au miwili, kisha wakakiacha kipumzike miaka mingi. Hakuna aliyewauliza hati. Kilichotoka kwenye omusiri kilikuwa cha mwanamke mwenyewe. Tukumbuke kwamba kwa kanuni za mila zilizoandikwa na kutangazwa na serikali mwaka 1963, mwanamke wa Kihaya aliweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake, lakini hakuweza kuiuza. Ilichukua mpaka mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza alipoamua, katika kesi iliyotoka hapahapa Muleba, kwamba kanuni hiyo inapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba yetu. Kwa hiyo kwa miaka mingi mjane asiye na mtoto wa kiume angeweza kusukumwa pembeni ya kibanja, lakini rweya hakuna aliyemfukuza. Haikuwa na mwenyewe, na ndiyo maana ilimtosha.

Sisi tumeshapata kuona mabadiliko makubwa ya ardhi. Buni ni ya zamani kwetu. Wazee waliitafuna na kumkaribisha mgeni kwayo, na waliigawana katika kufanya undugu wa damu, muda mrefu kabla ya meli ya mzungu wa kwanza. Wakati wa ukoloni ikawa fedha. Ikajenga shule, ikalipa kodi, ikaezeka bati makanisa mengi, pamoja na ya kwetu sisi tulioletewa mahubiri na wamisionari wa Betheli tangu mwaka 1910. Lakini kahawa ilipopanda bei, uchungu wa nyarubanja nao ulipanda. Omukama aliweza kumpa ndugu au mtumishi wake eneo lenye vibanja vya watu, na wenye vibanja wakageuka watwarwa wake, wakimlipa kwa mazao na kwa kazi. Baada ya uhuru Bunge lilitunga sheria ya nyarubanja mwaka 1965, na nyingine ya mwaka 1968, ili ardhi iwe ya yule anayeilima. Wazee wetu waliokuwa watwarwa waliishukuru serikali, na walikuwa na haki. Ila mjadala wote ule ulikuwa juu ya kibanja. Rweya haikuwa na kahawa, na haikuwa na wa kuisemea.

Sasa naomba tusafiri mbali kidogo, maana swali hili liliwahi kuulizwa katika nchi ya Luther mwenyewe, na majibu yake yanatuhusu sisi tunaobeba jina lake.

Nilipokuwa chuo cha theolojia tulisoma Matengenezo kwa mapana: hoja tisini na tano, Baraza la Worms, tafsiri ya Biblia. Vita vya wakulima vya mwaka 1525 vilipewa kurasa chache, na mwalimu alizipita upesi kama mtu anayepita nyumba yenye ugomvi. Nilizirudia baada ya maneno ya yule bibi. Mwezi Machi mwaka ule, katika mji wa Memmingen kusini mwa Ujerumani, wakulima waliandika Vifungu Kumi na Viwili. Hawakuwa wahuni. Kifungu cha kwanza kinaomba usharika uwe na haki ya kumchagua mchungaji wake, ahubiri Injili safi. Vingine vinataka watu wasiwe watumwa wa mabwana, waruhusiwe kuokota kuni msituni na kuvua samaki. Kifungu cha kumi kinasema kwamba baadhi ya watu wamejitwalia malisho na mashamba ambayo zamani yalikuwa ya jumuiya nzima, nayo yarudishwe, isipokuwa yale yaliyonunuliwa kwa haki. Pembeni waliandika mistari ya Biblia, na mwishoni wakaahidi kwamba kifungu chochote kitakachoonyeshwa kuwa kinapingana na Neno la Mungu watakiondoa. Walimtazamia Luther.

Luther aliwajibu mwezi Aprili, katika mawaidha yake ya amani. Tumtendee haki: alianza na mabwana, akawaambia waziwazi kwamba ghasia hizi wamejiletea wenyewe kwa kuwakamua watu. Kisha akawageukia wakulima, akawakemea kwa kuchukua jina la Kristo na kulitundika juu ya madai yao na silaha zao. Lakini alipofika kwenye vifungu vinavyohusu kuni, samaki, ushuru na mambo kama hayo, alisema kwamba anawaachia wanasheria. Yeye ni mhubiri wa Injili, si kazi yake kuamua hayo. Mwezi wa Mei, ghasia zilipokuwa zimeenea na watu kuuawa, akaandika kile kijitabu kikali ambacho Walutheri wengi tungependa kingepotea, akiwaruhusu watawala wawapige wakulima bila huruma. Tarehe 15 Mei jeshi la wakulima likasambaratishwa Frankenhausen. Katika vita vile kwa jumla, wanahistoria wengi hukadiria, walikufa watu wapatao 70,000 mpaka 100,000.

Kuhusu upanga, mimi namsikiliza Luther. Kanisa likianza kuhesabu mapanga limekwisha. Kijitabu cha Mei sikitetei hata kwa neno moja. Lakini kinachonisumbua zaidi ni lile la Aprili, lililosemwa kwa utulivu, kalamu mkononi, kabla ya hasira: tuwaachie wanasheria. Maana huyu ni mtu aliyekuwa ameandika mwaka mmoja tu kabla, 1524, juu ya biashara na riba, akiwafuata wafanyabiashara mpaka ndani ya vitabu vyao vya hesabu na kuwaonyesha pale wanapomwibia jirani. Alijua kuiona dhambi ndani ya bei. Kwa nini hakuiona ndani ya malisho? Nadhani ni kwa sababu katika bei kuna mtu aliyeuza na mtu aliyeumia, na unaweza kuwanyoshea kidole wote wawili. Katika malisho yaliyokuwa ya wote na sasa yamefungwa, aliyefunga ana karatasi, na aliyeumia hana kitu cha kuonyesha ila mazoea.

Nami nilipotia sahihi ile barua, niliwaachia wanasheria vilevile. Muhtasari upo, muhuri upo, basi.

Uingereza jambo hili lilikwenda mbali kuliko popote. Mnamo 1516 Thomas More aliandika kwa kejeli kwamba kondoo wa Uingereza wamekuwa wakali mpaka wanakula watu, akiwa na maana kwamba bei ya sufu ilikuwa nzuri na wenye ardhi walizungushia uzio mashamba na malisho ya vijiji ili wafuge kondoo. Mwaka 1549, mkoani Norfolk, wanakijiji walitoka usiku na mchana kung'oa nyua hizo. Walifika kwa tajiri mmoja, Robert Kett, ambaye naye alikuwa amezungushia uzio ardhi. Kett aliwasikiliza, akakubali kwamba wana haki, akashiriki kung'oa uzio wake mwenyewe, kisha akawa kiongozi wao. Desemba ya mwaka huohuo alinyongwa mjini Norwich. Simtaji ili tuchukue mapanga tukafyeke miti ya watu, Mungu apishe mbali. Namtaja kwa sababu ya ile saa moja langoni pake, alipowasikiliza watu na kuona kwamba uzio wanaousema ni wake.

Baadaye kazi ya uzio ikachukuliwa na Bunge lenyewe. Kati ya 1604 na 1914 lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kufunga ardhi, zilizogusa ekari milioni 6.8 hivi, yaani zaidi ya sehemu moja ya tano ya Uingereza. Hapakuwa na wizi. Makamishna walikuja na kamba za kupimia, wakaita kila mwenye madai, na mwenye karatasi akapewa kipande chake. Aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu aliyechunga kwenye malisho ya wote kwa mazoea ya baba zake, mara nyingi hakupata kitu, au alipata kipande kidogo kisichotosha hata gharama ya kukizungushia uzio, akakiuza. Kuni, nyasi, matunda ya vichakani, vyote vikawa mali ya mtu. Wake zao walikuwa wakijipatia senti kwa kusokota nyuzi nyumbani, lakini viwanda vya mashine za maji, kama kile cha Arkwright kilichoanza Cromford mwaka 1771, vikaichukua kazi hiyo pia. Ndipo watu walipobaki na mikono yao tu ya kuuza.

Nisiwe mwongo. Mashamba yale yaliyofungwa yalizaa. Wakulima walijifunza kubadilisha mazao, wakapanda turnipu za kulisha mifugo na klova, majani yanayorudisha rutuba kama kunde zetu, na nchi iliyokuwa na watu milioni 5 hivi mwaka 1700 iliweza kuwa na zaidi ya milioni 8 kwenye sensa yake ya kwanza ya 1801. Vyumba vyetu vya madarasa, mashine zetu za kukoboa kahawa, hata kiwanda cha Tanica tunachojivunia hapa Bukoba, vyote vina ujomba na mapinduzi yale. Anayesema yalikuwa uovu mtupu hajawahi kulala njaa. Maendeleo yalikuwa ya kweli na hasara ilikuwa ya kweli, ila havikuangukia nyumba moja.

Kuna mtu mmoja katika habari hizi ninayempenda. Anaitwa Arthur Young. Alikuwa mwandishi wa kilimo na katibu wa Bodi ya Kilimo ya Uingereza iliyoanzishwa 1793, na kwa miaka mingi hakuna aliyeutetea uzio kuliko yeye. Mwaka 1797 binti yake mdogo alifariki. Young akavunjika moyo, akaanza kusoma Biblia na vitabu vya dini, na macho yake yakabadilika. Alisafiri tena kwenye vijiji vilevile, lakini sasa aliwauliza maskini. Mwaka 1801 aliandika kwamba katika kila sheria 20 za kufunga ardhi, 19 ziliwaumiza maskini, na akapendekeza wapewe ardhi na ng'ombe kabla ya wengine kugawiwa. Maskini, alieleza, hajui mambo ya Bunge. Anajua tu kwamba alikuwa na ng'ombe na sasa hana. Mashamba yalikuwa yaleyale na takwimu zilezile. Kilichobadilika ni kwamba alikuwa amefiwa, na sasa aliuliza watu ambao zamani hakuwauliza.

Nirudi kwetu. Nilipoanza kuliongea jambo hili, washarika walinijibu kwa hoja nzuri, na baadhi sijaweza kuzijibu mpaka leo. Mwalimu mstaafu aliniambia, "Mchungaji, pensheni yangu ni misonobari ile. Ulitaka nikae niwasumbue watoto?" Mama mmoja anayelea wajukuu walioachwa na ugonjwa ule ulioanza kutumaliza hapa Kagera mwaka 1983 aliuza nguzo za mikaratusi akalipa ada. Vijana walisema rweya ilikaa bure tu. Hilo la mwisho ndilo ninalolipinga. Waingereza nao waliyaita malisho ya wote "ardhi ya bure", na neno hilo peke yake lilifanya nusu ya kazi ya uzio. Rweya haikukaa bure. Ilikuwa na kazi ambayo haikuandikwa popote, na waliokuwa wakiifanya hawakuwa watu wa kusimama mkutanoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja na inatoa njia ya kuitenga. Lakini sheria haiwezi kumsemea mtu aliyenyamaza nyuma ya ukumbi, na sisi tuliokaa mbele hatukugeuka kumtazama.

Katika Biblia tunaikimbilia upesi habari ya Nabothi, 1 Wafalme 21. Inafaa, maana pale pia mambo yalikwenda kwa barua, muhuri, wazee wa mji na mashahidi wawili. Ila mashahidi wale walikuwa waongo na damu ikamwagika. Sisi hatukumuua mtu, na mzee wa kanisa aliyelisikia fundisho hilo aliniambia kwa haki kabisa kwamba yeye si Ahabu. Andiko lililonibana mimi ni jingine: Mambo ya Walawi 19:9-10, na Kumbukumbu la Torati 24:19-21. Mwenye shamba anaamriwa asivune mpaka pembeni na asirudi kuokota masazo. Hayo ni ya maskini, mgeni, yatima na mjane. Angalieni kwamba shamba ni lake. Hakuna anayebishana juu ya hati. Lakini ndani ya shamba lake halali Mungu ameweka sehemu isiyo yake, na akiivuna sehemu hiyo amechukua cha mtu, ingawa ameivuna kwenye ardhi yake. Ruthu hakuingia shamba la Boazi kuomba sadaka. Aliingia kwa amri hiyo.

Watoto wa kipaimara wanajua kwa moyo maelezo ya amri ya saba katika Katekisimu Ndogo. Luther hakuishia kwenye kutochukua mali ya jirani. Anataka tumsaidie jirani aitunze na kuiongeza riziki yake. Aliandika hayo mwaka 1529, miaka minne baada ya wakulima kuzikwa. Sijui kama alipoandika alikifikiria kile kifungu cha kumi. Lakini akipimwa kwa katekisimu yake mwenyewe, jibu la kuwaachia wanasheria halitoshi, na langu halitoshi vilevile. Jirani yangu alikuwa na riziki kwenye kilima kile. Nilipoomba kilima, sikuuliza.

Niliupeleka mjadala huu kwenye baraza la wazee. Tulikaa mara tatu. Wengine walisema miti imeshakua, mizizi imeshika, huwezi kurudisha njugu chini ya msonobari. Nao walisema kweli. Mwishoni tulikubaliana mambo mawili madogo. Sehemu ya juu, ambayo miche yake ilikuwa imekufa kwa kiangazi, isipandwe tena, ibaki wazi kwa yeyote anayetaka omusiri au nyasi. Na tutakapovuna na kupanda upya, miaka ya kwanza kabla ya vivuli kufunga, akina mama walime katikati ya mistari bila malipo. Nilipompelekea bibi habari hiyo alishukuru, kisha akasema miguu yake haifiki tena kule juu, lakini majirani zake wawili wataenda. Nilitamani aseme kitu kingine, lakini hiyo ndiyo iliyokuwa kweli yake.

Tukiwa tunafunga kikao cha tatu, mzee mmoja mcheshi aliuliza: "Na wale wa mjini walionunua ekari ishirini, nao utawaambia waache pembe?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana, maana nilikuwa nimeshaambiwa kwamba nahamia mjini.

Sasa nahudumia watu hao. Wengi ni washarika wa Bilele na mitaa ya jirani, wenye maduka, watumishi wa serikali, wastaafu, na Jumapili bahasha zao za ahadi ndizo zinazobeba usharika. Ni watu wema. Wiki iliyopita mmoja wao alikuja ofisini akiwa na furaha. Amepata rweya mpya upande wa Muleba, karatasi zote ziko sawa, na anaomba niende kuombea shamba kabla ya vibarua kuanza kuchimba mashimo. Nikamwambia nitakuja, ila tukifika tusipande moja kwa moja. Tupite kwanza kwenye nyumba zilizo chini ya kilima, tuulize akina mama ni nani alikuwa akilima pale, na wapi. Akanyamaza kidogo, akichezea funguo za gari. Kisha akasema tutoke Alhamisi mapema, maana nyumba za chini ni nyingi.